Filamu ya Gharib, Sebuleni kwa Baba

Kila Jumamosi asubuhi mimi huketi mbele ya kipaza sauti cha redio mjini Kayanga nikawaharibia watu filamu zao. Ndivyo wanavyosema wenye vibanda vya video, na mimi sina ubishi nao. Kipindi ni kifupi, filamu za kutisha na za kusisimua tu, na ni mimi Agnetha ninayesema ipi inafaa na ipi itakupotezea jioni yako. Nyingi zinapoteza jioni.

Watu hudhani nina roho ngumu. Sina, ila subira yangu ni fupi. Filamu ikianza kwa muziki unaoniamrisha niogope kabla sijaona kitu, nimekwishachoka. Msichana akisikia kishindo darini, badala ya kutimua mbio nje akapanda hukohuko na mshumaa mkononi, mimi namtakia safari njema. Za kusisimua ndizo zinazoniudhi zaidi. Askari anahangaika filamu nzima, kisha muuaji anajikalia kitini na kumsimulia kila alichofanya, hatua kwa hatua, kama anayeungama kwa padri. Halafu mwisho kabisa tunaambiwa kumbe alikuwa na pacha wake. Nilikwisha kusema hewani kwamba mwandishi akimleta pacha ujue amekimbia kazi. Mwenye kibanda mmoja wa Ndama alipiga simu kulalamika kwamba siku hizi wateja wake wanacheka mahali pa kuogopa, na kosa ni langu.

Nayasema haya mapema ili uelewe nilikuwa katika hali gani Alhamisi ile ya mwezi wa saba, nimekaa sebuleni kwetu Nyaishozi, nikisubiri kutazama filamu ya kutisha iliyotengenezwa na mwanamume ninayempenda.

Ndiyo, nampenda. Gharib ana duka la simu Kayanga pamoja na mama yake, Bi Rukaya. Babu yao alitoka pwani na mizigo ya vitambaa, akauza, akaoa, hakurudi tena. Nilimfahamu Gharib alipokuja redioni kubishana nami kuhusu filamu niliyoiponda. Alibisha, nami nikabisha, na kila nilipozungumza aliniangalia mpaka nilipomaliza sentensi yangu. Wanaume wengi hukuangalia wakingoja zamu yao ya kusema. Yeye macho yake hayakuwa na haraka. Niliporudi nyumbani siku ile nilikuwa nimesahau tulichokuwa tukibishania, lakini yale macho nilikuwa nayo.

Pingamizi zilikuja kama zinavyokuja siku zote. Mama yangu, Restuta, ni mwanamke wa kanisa, na kwake habari ilianza na kuishia kwenye neno moja: Mwislamu. Bi Rukaya naye hakutaka mkwe ambaye sauti yake inasikika kwa kila kinyozi. Alikuwa amemwonea mwanawe binti mmoja wa Bukoba, Nadhira, mtoto wa shoga yake, na safari ya kwenda kumposa ilikuwa inangoja jibu la kwetu tu. Baba peke yake ndiye hakusema ndiyo wala hapana. Mzee Elpidius ni mtu wa kujibu mara moja. Akishajibu, hata mvua ya mawe haimrudishi nyuma.

Sasa, Gharib alipoomba kupigia filamu yake kwenye kibanja chetu, yaani shamba linalozunguka nyumba, Baba alikubali kwa sharti kwamba kabla ya watu wa nje kuiona, waione kwanza wenye nyumba. Gharib akaona hapo pana nafasi. Akaamua siku hiyohiyo ya kuonyesha filamu ndiyo aje na mjomba wake kuleta posa. Nilimwambia mambo haya mawili hayakai sahani moja. Akasema filamu italainisha mioyo. Filamu ya mzimu imlainishe mama yangu! Nilimtazama nikaona huyu mtu ana imani kuliko maaskofu.

Wakafika baada ya chakula cha mchana. Mjomba Muhammad, kaka yake Bi Rukaya, alikuwa na kanzu safi, sukari na doti ya kitenge kwa ajili ya Mama. Shangazi Placidia alikuwa ameshatoka Kaisho tangu asubuhi, maana kwetu msichana haposwi shangazi yake akiwa hayupo. Salamu zilienda vizuri hadi zikamfikia Mama. Gharib alimpa shikamoo, naye akaitikia marahaba akiwa anaangalia kalenda ya parokia ukutani. Akaketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, mtu anayekaa hivyo huwa hajakusudia kukaa sana.

Gharib akachomeka flashi kwenye runinga na kuomba mapazia yafungwe. Mama akasema haiwezekani, ana mtama uani na kuku wanauona. Basi tukatazama filamu ya usiku wa manane jua likiwaka, na tetea mmoja akaingia sebuleni kabla hata ya jina la filamu.

Muziki ukaanza. Nikaangalia sakafu.

Hapa inabidi nieleze kitu kwa msomaji asiye wa kwetu. Sisi wazazi wetu hatuwapeleki mbali. Bibi yangu mzaa baba amelala hapo nyumbani, kati ya jiko na mikahawa, na kaburi lake limesakafiwa kwa saruji. Msimu wa kahawa Mama huanika buni juu yake kwa sababu saruji inashika joto haraka. Tukiwa wadogo tulichezea mdako pale, tukasinzia pale, tukachapwa pale. Hakuna aliyeona kuwa tunamvunjia Bibi heshima. Yeye mwenyewe alianika maharage juu ya mama mkwe wake miaka na miaka. Gharib amekulia mjini, ambako kaburi liko makaburini na mtu haendi huko bila sababu. Alipoona kaburi nyumbani, karibu na dirisha la jiko, akadhani amepata filamu. Akaondoa kahawa yote, akafagia, akachomeka msalaba wa mti uliopinda, akachoma majani makavu ya migomba upate kuonekana ukungu. Siku hiyo mimi nilikuwa kazini Kayanga. Aliniambia nisiulize chochote, ni zawadi yangu.

Kwenye runinga msalaba ukatokea, na moshi, na mtu aliyevaa nguo nyeupe amesimama juu ya saruji. Muziki ukapanda juu kabisa.

Shangazi Placidia akauliza, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayetaka kujua, mbona yule amesimama juu ya mama yao, yeye na Baba. Halafu akasogea mbele akakaza macho. Akasema huyo si Kampire wa Ndama, anayeuza ndizi za kuiva? Aliumia mguu, kumbe amepona. Baba akajikaza, mabega yakamtikisika, akashindwa. Akacheka mpaka akatoa leso. Mjomba Muhammad naye akatabasamu kwa adabu ya mgeni asiyejua acheke au asicheke.

Nilitamani ardhi ipasuke, lakini si kwa hofu aliyoikusudia Gharib. Filamu ikaendelea. Msichana wa filamu akasikia sauti migombani saa za usiku, akatoka peke yake, bila tochi, bila kumwita mtu. Nyaishozi hii, ambako mwanamke akisikia hata mbwa wa jirani anaita ukoo mzima. Akatokea askari. Askari akamkamata mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akaketi kitini, akaanza kueleza. Akaeleza kuanzia alipomfahamu marehemu. Nilikuwa nimekaa na mwanamume huyuhuyu tukicheka maelezo ya namna hii hadi machozi. Nikamgeukia. Alikuwa anaangalia magoti yake.

Kisha akatokea pacha.

Katikati ya hayo yote kulikuwa na kitu kimoja. Yule msichana, akitoka kaburini, anakuja kwenye nyumba kuomba msaada. Nyuma yake unaonekana mlango wa jiko letu, uko wazi, na ndani yake amesimama mwanamke mwenye kanga kichwani. Anaangalia kamera. Si kwa kuigiza, anaangalia tu, mpaka unadhani atasema neno. Hasemi. Anaufunga mlango polepole, na huyo msichana anabaki uani. Hapo muziki ulikuwa haupo kabisa, nadhani Gharib alisahau kuuweka. Nywele zilinisimama. Nilikuwa sijasisimkwa na filamu kwa muda mrefu sana, na haikuwa filamu, alikuwa ni Mama. Alipitiwa na kamera siku ile wanapiga picha zao, basi. Nilimwona sasa akijiona. Mikono yake ilikuwa imelala kwenye mapaja na haikusogea tena mpaka mwisho.

Mwisho ukafika, majina yakapita, tetea akatoka. Mjomba Muhammad akasema mashallah, picha ni safi. Shangazi akasema migomba imeonekana vizuri. Ikawa wazi kwamba sifa zimekwisha.

Baba akakunja leso yake akairudisha mfukoni. Akanigeukia.

"Agnetha. Wewe ndiye mwenye kazi hii. Filamu hii ni nzuri?"

Nilielewa kinachoulizwa, na kila mtu pale alielewa. Jumamosi ingefika na redio ingesema, lakini leo palikuwa na posa mezani. Nikisema nzuri, mjomba angepata pa kuanzia, mambo yangeteleza, na huenda jioni hiyo ningekuwa mchumba wa mtu. Nikisema mbaya, ningekuwa nimemdhalilisha mposaji mbele ya mjomba wake kabla hata posa haijatamkwa, na Nadhira wa Bukoba angepata mume. Ungekuwa uongo mdogo. Watu huusema kila siku juu ya mchuzi wa mwenyeji na hakuna anayekufa.

Nikamtazama Gharib. Kama angenisihi kwa macho ningeweza kumkasirikia, na hasira ingenisaidia. Hakunisihi. Aliniangalia vilevile, bila haraka, akingoja nimalize sentensi ambayo sijaianza. Nikajua kwamba nikidanganya, huyu mtu atajua papo hapo. Na tangu siku hiyo kila nitakapomsifu, chakula chake, shati lake, watoto wake, atakuwa anapima ni sifa kweli au ni ile ya sebuleni kwa Mzee Elpidius.

"Hapana, Baba," nikasema. "Ni mbaya."

Nikasema kwa sauti yangu ya redioni, kwa sababu nyingine haikupatikana. Nikasema kwamba ametuletea kaburi kama kitu cha kutisha, na hapa hakuna anayeogopa kaburi la bibi yake. Nikasema moshi wake ni wa mtu anayechoma takataka. Muziki unatukaripia tuogope. Msichana wake hajawahi kuishi kijijini. Muuaji anasema kuliko askari. Na pacha, nikasema, pacha sitamzungumzia kwa sababu kuna wageni.

"Hakuna kizuri hata kimoja?" akauliza Baba.

"Kipo. Ule mlango wa jiko. Mama anauangalia uso wa mtu, halafu anaufunga. Hapo tu ndipo niliposhtuka. Filamu nzima, Baba, kinachotisha ni Mama."

Sikuwa nimepanga kuisema hivyo. Ilitoka. Shangazi Placidia akavuta pumzi, na Mama akaacha kuangalia kalenda, akaniangalia mimi.

Gharib akainuka. Akaomba radhi kwa Baba, akaomba radhi kwa mjomba wake, akatoka nje. Mjomba akabaki na zile sukari zake miguuni. Shangazi akanishika kanga nisiondoke, maana msichana anayeposwa hamfuati mwanamume uani, lakini ilikuwa imeshachelewa kwa adabu. Nikatoka.

Nilimkuta kando ya kaburi. Kahawa ya Mama ilikuwa imerudi mahali pake, imetandazwa vizuri juu ya saruji, na yeye alikuwa anaiangalia kama mtu anayeona leo kitu alichoonyeshwa siku nyingi.

"Ungeweza kusema tutazungumza baadaye," akasema.

"Ningeweza."

"Mbele ya mjomba, Agnetha. Amefunga duka lake kuja hapa."

Nikamwambia sikuuliza mimi, aliuliza Baba. Akasema kuna namna ya kujibu. Nikasema najua namna moja tu, na yeye ndiye aliyekuja redioni kuipenda. Akageuka upande wa migomba. Nilikuwa nimemuumiza, na nilikuwa naona nilipomuumiza, na hata hivyo kama ningeulizwa tena ningesema yaleyale. Ni hali mbaya kuwa nayo kwa mtu unayempenda.

Akaniambia habari ya pacha. Kwamba siku niliyowacheka mapacha hewani alikuwa dukani, amekwisha maliza kupiga picha, na akakaa chini nyuma ya kaunta. Alitaka kumtoa, lakini ukimtoa pacha filamu haina mwisho. Nilijikaza nisicheke. Akaona ninavyojikaza, na yeye mwenyewe mdomo ukamcheza kidogo, kisha ukarudi ulivyokuwa.

"Kwa hiyo kizuri pekee ni kile ambacho sikukitengeneza mimi," akasema.

"Ulikiacha ndani. Ungeweza kukikata."

"Nilikikata. Nikakirudisha. Nikakikata tena."

"Kwa nini ulikirudisha?"

Alichukua punje moja ya kahawa akaivunja kwa kucha.

"Kwa sababu ndicho ninachokiona kila nikija kwenu," akasema. "Kampire simwogopi, hata watoto waliokuja kututazama tukipiga picha walimwogopa kidogo tu halafu wakamwomba ndizi. Kaburi hili siliogopi, nilidhani tu kwamba nyinyi mnaliogopa. Mimi ninachoogopa ni mama yako kuufunga huo mlango, na wewe ukabaki ndani."

Nilitaka kumshika mkono. Dirisha la sebule lilikuwa wazi, basi nikashika kanga yangu.

"Hiyo ndiyo filamu, Gharib. Ungetengeneza hiyo."

"Hiyo haina mwisho pia."

Akaniuliza Jumamosi nitasema nini. Nikamjibu nitasema nilichosema sebuleni, na mlango nitautaja. Akauliza itakuwaje akiniomba nisiseme. Nikamwambia aombe aone. Hakuomba. Nadhani hapo ndipo nilipompenda zaidi siku ile, na hapo ndipo alipoamua kuniudhi.

"Nadhira angeniambia ni nzuri," akasema.

"Angekuambia. Nenda Bukoba basi."

Nilisema kwa ukali, na neno lilipotoka nikatamani kulirudisha. Nilifahamu kwa uhakika kabisa kwamba siwezi kuishi vizuri bila huyu mtu, na kwamba nimemwambia aende, na kwamba yeye hupenda kufanya ninavyomwambia. Alinitazama mpaka nikanyamaza kabisa. Kisha akajipangusa mikono kwenye suruali, akaanza kutembea.

Barabara iko kushoto. Yeye akaenda kulia, akaingia ndani.

Niliingia nyuma yake. Shangazi Placidia alikuwa anajifunga kitambaa ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Lile dirisha lilikuwa limewasikilizisha kila neno. Gharib akaketi kwenye kiti chake kilekile, akaweka mikono magotini.

"Mzee," akamwambia Baba, "naomba kusema mwenyewe, mjomba anisamehe. Filamu ni mbovu, Agnetha amesema kweli. Hii sitaipeleka kwenye vibanda vya video vya Kaisho wala popote. Filamu nimeiondoa. Posa sijaiondoa."

Mjomba Muhammad akakohoa. Ilikuwa ndiyo kazi yake kuitamka posa, na alikuwa amejiandaa kwa maneno mazuri tangu Kayanga. Lakini alimtazama mpwa wake, kisha akamtazama Baba, na akainamisha kichwa kukubali kwamba imeshasemwa.

Baba alikaa kimya. Huyu ndiye mzee wa kujibu mara moja, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Aliangalia runinga iliyozimwa, akaniangalia mimi, akamaliza kwa Mama.

"Mimi sina neno," akasema. "Aliyefunga mlango ndiye ajibu."

Tangu Gharib aanze kuja kwetu, Mama hakuwahi kumwambia kitu zaidi ya marahaba. Sasa alimgeukia kwa mwili mzima, na kiti kikalia.

"Siku ile niliufunga kwa sababu ya moshi wako," akasema. "Ulichoma majani upande wa upepo, jiko likajaa. Nilikuwa nakohoa."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mimi, mtaalamu, ambaye nywele zilinisimama. Nikamwona Gharib akijaribu kuweka uso wake sawa.

"Lakini siku nyingine zote," Mama akaendelea, "niliufunga kwa sababu yako. Nilikuwa sijajua kwamba kule kufunga kunaonekana kwa nje." Akapitisha kidole kwenye mshono wa kanga. "Kijana. Watoto watasali wapi?"

Jibu la swali hilo tulikuwa nalo. Tulilitengeneza wenyewe, Gharib na mimi, likawa refu na zuri, lina heshima kwa pande zote na kila mzazi amepewa chake. Alilikariri mpaka akalisema bila kukwama. Nikamwona akifungua mdomo, na nikamwona akiliacha.

"Mama, sijui," akasema. "Tumelizungumza mara nyingi na bado sijui. Nikikuambia najua, nitakuwa nakudanganya."

Mama akamtazama kwa muda mrefu, kama alivyoitazama kamera kwenye filamu, na safari hii hapakuwa na mlango wa kushika. Nilimwogopa. Shangazi Placidia alikuwa amenishika mkono na sikujua ameushika saa ngapi.

Halafu Mama akainuka. Akachukua doti ya kitenge pale mezani, akaikunjua kidogo kuangalia rangi, akaikunja tena na kuiweka begani. Akaniambia niende nikamenye ndizi, na nisichague zile ndogo. Alipofika kwenye korido akasimama, akazungumza bila kugeuka.

"Mwambieni huyo mjomba kuna jogoo nyuma ya nyumba. Kisu nitampa. Achinje mwenyewe, nisije nikapika na wageni wakaniachia nyama."

Mjomba Muhammad akavua kofia akaivaa tena. Akakunja mikono ya kanzu, na kwa sauti ya chini, ya mtu anayeomba kitu kikubwa, akauliza kibla kiko upande gani. Nyumbani kwetu hakuna aliyejua. Baba akatafuta viatu vyake chini ya meza, akavivaa, na wazee hao wawili wakatoka uani kuliangalia jua.